Mantra ya Gayatri na deni kwa rishi Vishvamitra

Hapa Nyawera, ukiuliza watu sokoni juu ya Bahindi, wengi watakujibu kwa maneno mawili tu: butike na ngombe. "Bale njo batu ba biashara, na habakulake nyama ya ngombe." Jibu hilo si uongo wote, lakini ni fupi sana. Watu wenye asili ya India wameishi jirani na sisi kwa zaidi ya miaka mia moja, toka Zanzibar mpaka Kampala, toka Kigoma mpaka miji yetu ya Kivu. Walileta vitambaa, chumvi na mizani ya kupimia. Wengine walileta pia neno moja la kale ambalo halionekani dukani: mantra wanayoisema asubuhi jua likitoka, wakimkumbuka mwalimu aliyeishi zaidi ya miaka elfu tatu iliyopita.

Wasomaji wapenzi, hatuandiki hapa kusudi tumgeuze mtu dini. Kila mmoja abaki na imani yake. Tunaandika juu ya mila, na swali letu ni la historia: namna gani neno fupi kama hilo liliweza kudumu muda wote huo, bila kitabu, na kuvuka bahari, wakati maneno ya bazee wetu yanapotea katika miaka hamsini tu? Tutaona kwanza mantra na mwenye mantra, kisha namna ya kuilinda, kisha safari yake katika Afrika ya Mashariki, na mwisho tutajiangalia sisi wenyewe.

1. Mantra ni nini, na rishi ni nani?

Tuanze kwa kutenganisha maneno mawili ambayo tunayachanganya kila siku. Mhindi ni mtu wa India, hata kama ni Muislamu, Mkristo au Singasinga. Mhindu ni yule anayefuata dini ya Kihindu. Kwa hiyo si kila Mhindi ni Mhindu. Hata hapa Kivu, kati ya wafanyabiashara wa asili ya India waliofika wakati wa Wabelgiji, walikuwamo Waislamu wa dhehebu la Ismaili, ambao hawana habari na mantra tunayoizungumzia.

Wahindu wana maandiko yanayoitwa Veda, maana yake "ujuzi". Ya zamani kuliko yote ni Rigveda, yenye vitabu 10 na nyimbo 1,028. Wataalamu wengi wanakadiria kwamba nyimbo hizo zilitungwa kati ya mwaka 1500 na mwaka 1000 mbele ya kuzaliwa kwa Yesu. Kila wimbo una jina la rishi wake. Rishi ni mzee mwenye hekima, lakini Wahindu hawasemi kwamba aliutunga wimbo sawa vile mshairi anavyotunga. Wanasema aliuona. Neno lilikuwako, yeye akapewa macho ya kuliona, kisha akalifundisha.

Mantra ya Gayatri ni ubeti mmoja tu: ubeti wa 10 wa wimbo wa 62 katika kitabu cha tatu. Kitabu hicho cha tatu ni cha rishi Vishvamitra na jamaa yake. Ubeti una mizani 24, vipande vitatu vya mizani nane nane. Wanaopenda tenzi za Kiswahili watatambua hesabu hiyo mara moja, kwa sababu kipande cha utenzi nacho kina mizani nane. "Gayatri" lenyewe ni jina la kipimo hicho cha ushairi.

Inaomba nini? Inaelekezwa kwa Savitri, jina la jua likiwa nguvu ya kuamsha. Msemaji anaweka fikira zake kwenye mwangaza huo na kuomba usukume akili. Haiombi mali, wala ushindi, wala mvua. Tena haisemi "akili yangu", inasema "zetu", hata kama msemaji yuko peke yake kando ya mto.

Sasa angalieni jambo lenye kutuhusu. Wale wanaofuata utaratibu wote hawaanzi mantra hivi hivi. Kwanza wanataja mambo matatu: jina la rishi, huku wanagusa kichwa, jina la kipimo cha ubeti, huku wanagusa kinywa, jina la yule anayeombwa, huku wanagusa moyo. Ni kusema kwamba kila siku, mbele ya kutumia neno, wanamtaja mwenye kulileta. Vishvamitra hana haja ya sanamu kubwa barabarani. Jina lake linapita midomoni asubuhi na jioni.

Na sababu yake iko katika fundisho la zamani la Veda: mtu anapozaliwa, tayari iko na madeni. Deni kwa miungu linalipwa kwa sadaka. Deni kwa mababu linalipwa kwa kuzaa watoto. Na deni kwa marishi linalipwa kwa kusoma na kukariri walichofundisha. Rishi huwezi kumlipa kwa mbuzi. Unamlipa kwa kujifunza.

2. Mfalme, ngombe na mzee wa pori

Vishvamitra huyo alikuwa nani? Masimulizi ya Wahindu, hasa yale ya Ramayana, yanasema alikuwa mfalme. Siku moja alipita na askari wake katika makao ya rishi mwingine, Vasishtha, mzee aliyeishi porini bila mali. Mfalme akashangaa kuona jeshi lote linakula na kushiba. Kumbe mzee alikuwa na ngombe wa ajabu mwenye kutoa kila kinachoombwa. Mfalme akamtaka. Akaahidi ngombe maelfu, dhahabu na tembo, mzee akakataa. Mfalme akatumia nguvu. Ngombe akatoa askari wake mwenyewe, na jeshi la mfalme likashindwa.

Hapa Bushi, ambapo ngombe ndiye anayefunga ndoa, anayemaliza kesi na anayeonyesha heshima ya mtu, hadithi hii haihitaji maelezo marefu. Tunajua mfalme anayeshindwa kupata ngombe anasikia namna gani. Lakini mwisho wake ni tofauti na vita tunavyovijua. Vishvamitra aliona kwamba nguvu ya mzee ilikuwa kubwa kuliko ya jeshi. Akaacha kiti, akaenda kujitesa na kutafakari kwa miaka mingi sana. Alianguka mara kadhaa: mara kwa tamaa ya mwanamke aitwaye Menaka, mara kwa hasira. Kila mara alianza upya. Mwishoni Vasishtha mwenyewe, yule adui wa zamani, akamkubali kuwa rishi wa daraja la juu.

Hayo ni masimulizi. Katika Rigveda yenyewe tunamkuta Vishvamitra akiwa mshairi, na wimbo mmoja wa kitabu chake unamwonyesha anazungumza na mito miwili, akiomba ipunguze maji kusudi watu wavuke. Mito hiyo leo inaitwa Beas na Sutlej, na iko katika nchi ya Punjab. Tulikumbuke jina hilo, maana tutakutana nalo tena kwenye reli ya Mombasa.

3. Namna ya kulinda neno bila kitabu

Kwa muda mrefu Veda hazikuandikwa. Hati za mkono za Rigveda zilizobaki ni za karne nyingi sana nyuma ya kutungwa kwake, na chapa kamili iliyojulikana Ulaya, ile ya Max Müller, ilitoka kati ya mwaka 1849 na 1874. Muda huo wote kitabu kilikuwa kichwa cha mwanafunzi.

Sisi walimu tunajua hatari ya kukariri. Mwanafunzi anaruka neno, anabadilisha mahali, anaongeza la kwake. Wahindu waliijua hatari hiyo pia, wakaitafutia dawa. Mwanafunzi hakufundishwa ubeti kwa namna moja tu. Alifundishwa kuusema wote pamoja, kisha neno moja moja, kisha kwa kufungamanisha maneno.

Tuchukue mfano wa kwetu: "Mama anapika sombe leo." Kwa namna ya kwanza ya kufungamanisha, utasema: mama anapika, anapika sombe, sombe leo. Kwa namna ya pili: mama anapika, anapika mama, mama anapika, kisha unaendelea na maneno mawili yanayofuata. Namna ngumu zaidi inakwenda hivi: mama anapika, anapika mama, mama anapika sombe, sombe anapika mama, mama anapika sombe. Ukikosea neno moja, mnyororo unakatika na mwalimu anasikia palepale.

Juu ya hayo kuna sauti ya kupanda na kushuka, ambayo nayo haibadilishwi. Anayesema Mashi ataelewa haraka, kwa kuwa katika Mashi pia sauti ikipanda au ikishuka, maana inaweza kugeuka. Kuna pia hesabu: anayerudia Gayatri anatumia mara nyingi uzi wa shanga 108, sawa vile Wakatoliki wetu wanavyotumia rozari. Na kuna saa: jua likitoka na jua likitua. Kila mwaka tena, katika mwezi wa Kihindu unaoangukia kati ya Julai na Agosti, wengi wa waliopokea uzi mtakatifu wanaubadilisha, na katika siku hiyo wanamimina maji kwa heshima ya marishi. Katika sehemu kadhaa za India, kesho yake ni siku ya kurudia Gayatri mara nyingi.

Mwaka 2003 UNESCO ilitangaza usemaji wa Veda kuwa kazi bora ya urithi wa mdomo, na mwaka 2008 ukaingizwa katika orodha ya urithi usioshikika wa binadamu.

4. Kutoka mito ya Punjab mpaka Ziwa Nyanza

Safari ya Wahindu kuja kwetu ilianza pwani. Katika karne ya 19 wafanyabiashara wa Kutch na Gujarat walikuwa na nguvu sana Zanzibar. Kampuni ya Jairam Shivji, ya Wahindu, ilishika forodha ya Sultani kwa miaka mingi. Mhindi mwingine, Taria Topan, ambaye alikuwa Muislamu wa Ismaili, alimkopesha mali Tippu Tip, na misafara ya Tippu Tip ndiyo ilifika Maniema na kusaidia kukileta Kiswahili upande wetu. Mnaona basi: lugha hii tunayoandikia ilipita pia katika daftari la mkopo la Mhindi. Biashara hiyo ilikuwa ya pembe na ya watumwa, tusiifiche.

Waswahili wa pwani waliwaita wafanyabiashara wa Kihindu "Baniani", na wakabaki na methali: Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Tulikumbuka kiatu, neno lake tukalipita.

Kisha ikaja reli. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza walijenga njia ya gari la moshi toka Mombasa mpaka Kisumu, kwenye Ziwa Nyanza (Victoria). Walileta karibu wafanyakazi 32,000 toka India, wengi wao toka Punjab, nchi ileile ya mito ya Vishvamitra. Walikuwamo Waislamu, Masingasinga na Wahindu. Karibu 2,500 walikufa kwa magonjwa, ajali na simba. Karibu 6,700 walibaki baada ya kazi.

Kwa Mhindu aliyekuwa amejifunza desturi ya asubuhi, kambi ya reli haikuwa kizuizi. Mantra ya Gayatri haihitaji hekalu wala kengele. Inahitaji maji kidogo ya kunawa, uso ulioelekea jua, na kumbukumbu. Urithi wa namna hiyo ni mwepesi kuubeba, na safari ya namna ile inaonyesha faida yake.

5. Neno lililofunguliwa mlango

Lakini tusisifu bila kuangalia upande wa pili. Kwa karne nyingi mantra hii ilifungiwa. Kijana wa tabaka tatu za juu aliipokea sikioni siku ya kuvikwa uzi mtakatifu. Vitabu vya sheria za kale viliwazuia wanawake na watu wa tabaka la chini wasijifunze Veda. Yaani deni la rishi lilikuwa la wachache, na wengine hawakupewa hata nafasi ya kulilipa.

Aliyepiga mlango huo kwa nguvu alikuwa Swami Dayananda Saraswati (1824–1883). Mwaka 1875, katika mji wa Bombay, alianzisha chama cha Arya Samaj. Alifundisha kwamba Veda ni za watu wote, wanaume na wanawake, na kwamba tabaka la mtu halitoki katika damu yake. Chama hicho kilishika mizizi sana Punjab, na toka huko kikafuata njia ya reli. Mwaka 1903 Arya Samaj ilianzishwa Nairobi, mji ambao wenyewe ulikuwa na miaka minne tu. Mwaka 1910 ikafungua huko shule ya wasichana. Fikirini tarehe hiyo: 1910, wakati ambapo kwetu Kongo watoto wa kike waliopata kukaa darasani walikuwa wachache sana. Katika mikutano ya chama hicho watu wanakaa kuzunguka moto mdogo, wanatia samli na manukato, na Gayatri inasemwa na wanaume kwa wanawake, kwa sauti wazi.

Wako Wahindu ambao mpaka leo hawafurahii jambo hilo. Wanasema neno lililotolewa bila mwalimu linapoteza uzito, na wanasikitika kusikia mantra ikiwa mlio wa telefone. Mabishano hayo si ya kuchekesha. Ukifunga sana, neno linakufa pamoja na wenye ufunguo. Ukifungua bila utaratibu, linabaki sauti isiyo na maana.

Jaribio kubwa lilikuja mwaka 1972. Mwezi wa nane mwaka huo Idi Amin aliwapa Waasia wa Uganda siku 90 waondoke. Makumi ya maelfu walitoka, wameacha maduka, viwanda, nyumba na mahekalu. Mwaka uliofuata, tarehe 30 Novemba 1973, hapa kwetu Mobutu alitangaza zaïrianisation, na biashara za wageni zikapewa wenyeji. Bazee wa Bukavu wanajua namna butike nyingi zilivyobaki na rafu tupu. Mali ya Mhindi iliweza kuchukuliwa kwa karatasi moja ya serikali. Mantra haikuandikwa katika orodha ya vitu vya kukamata. Ilitoka na wenyewe mpaka Leicester na London, na familia kadhaa zikarudi nayo Kampala miaka ya baadaye, wakati serikali ya Uganda iliporudisha mali.

6. Na sisi?

Kuna wale watakaosema: "Mwalimu, hayo ya Bahindi yanatusaidia nini?" Swali zuri. Tujibu kwa mifano ya nyumbani.

Warega walikuwa na Bwami, chuo cha hekima chenye ngazi, ambamo kila sanamu ndogo ya pembe au ya mti ilikuwa na methali zake. Mwaka 1948 utawala wa Wabelgiji uliupiga Bwami marufuku. Sanamu nyingi ziliuzwa au zikachukuliwa, na leo ziko katika majumba ya makumbusho kama lile la Tervuren. Watazamaji wanasifu uzuri wake. Lakini sanamu ya Bwami bila methali yake ni bubu, na methali hazikuingia zote katika sanduku.

Mfano wa pili unatia moyo. Mwaka 1956, kwa Banyanga wa Walikale, msimulizi Candi Rureke aliimba na kusimulia habari za shujaa Mwindo mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck. Biebuyck, pamoja na Kahombo Mateene, ambaye ni mtoto wa Banyanga, walizichapisha mwaka 1969, na jina la Rureke likawekwa. Kwa hiyo leo mwanafunzi wa Bukavu, wa Tokyo au wa Chicago anajua ni kinywa gani kilichosema. Kila anayefundisha Mwindo analazimika kumtaja Rureke. Huo ni mwanzo wa kulipa deni.

Lakini mara nyingi sisi tunasema tu "bazee balisema" au "wahenga walisema", basi imekwisha. Bazee gani? Wa wapi? Nani alikufundisha? Mwanafunzi wetu wa sekondari atakuambia bila kusita kwamba hekaya ya kunguru na mbweha ni ya La Fontaine, na atakupa karne yake. Muulize methali tatu za Mashi, za Kirega au za Kihavu pamoja na jina la mtu aliyemfundisha: ananyamaza. Si juu ya ujinga. Ni juu ya mafundisho yetu: hatujamwomba kamwe ataje jina hilo.

Historia ya Gayatri inatuonyesha kwamba neno halidumu kwa sababu ni takatifu tu. Kuna maneno mengi matakatifu yaliyopotea. Hili lilidumu kwa sababu lina jina la mwenyewe, lina njia ya kufundishwa yenye kusahihisha makosa, na lina saa yake kila siku. Na liliongeza nguvu pale mlango ulipofunguliwa kwa wasichana.

Basi tunapendekeza kazi ndogo, isiyohitaji minerval wala projekti ya wazungu. Likizo ikifika, kila mwanafunzi aende kwa babu, bibi au jirani mzee, apokee methali tano, hadithi moja na majina ya sifa ya ukoo wake. Aandike pembeni: nani amesema, wapi, mwaka gani, na yeye alijifunza kwa nani. Akirudi kelasini, asiisome karatasi. Aiseme kwa kichwa, na wenzake wamsahihishe, na sauti za lugha zikiheshimiwa. Mabinti waanze kusema, kwa sababu mara nyingi ndio wanaokaa na bibi jikoni na kusikia zaidi. Yale ambayo ukoo unayaweka siri yaheshimiwe kuwa siri. Lakini mwenye siri ajiulize kama ameshapata wa kumwachia.

Na mbele ya kuanza, mwanafunzi ataje jina la mzee aliyempa neno. Inachukua sekunde tatu. Bazee wetu wako hai bado katika Kadutu, Bagira na Panzi, katika Kabare na Walungu, na wengine wanakaa hapa hapa Nyawera, nyumba mbili nyuma ya soko. Tuwaulize mwaka huu.